Mgeni Kwenye Jedwali

Kijisanduku cha kijani kilikuwa kinatembea peke yake.

Karani wa zahanati ya wajawazito aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Mkunga alikuwa akinawa mikono, mfamasia amesinzia mdomo wazi, na mkuu wao, ambaye kisirisiri walimwita Chapuchapu, alikuwa akijisifu kwenye simu. Hakuna aliyegusa kompyuta. Lakini ndani ya jedwali jipya la mtandaoni, kijisanduku chenye neno "Mgeni" kilishuka jina kwa jina, taratibu, kama mtu anayechagua nyanya.

"Nani yumo humu?" akauliza.

Kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua.

Hasira zikampanda kabla hata ya hofu. Si alisema! Alisema mpaka koo likamkauka! Ile kompyuta kuukuu ya stoo haikuwahi kuunganishwa na mtandao, na sababu aliijua kila mtu kazini hapo: shangazi yake karani, ambaye ni mganga, alimfungia humo jini aliyekuwa akiwanyonga watoto matumboni mwa mama zao. Ndiyo maana miaka yote majina yalinakiliwa kwa mkono kutoka kwenye kioo chake, na hakuna aliyenung'unika. Ndipo akaja Chapuchapu na programu yake ya kugeuza mafaili ya zamani kuwa majedwali ya mtandaoni.

"Unachomeka, unabonyeza, chai haijapoa kazi imekwisha," alitamba.

Programu ilikuta faili moja lisilo na jina, ikauliza: liachwe au lihamishwe? Karani akasema liachwe. Ikauliza nani aruhusiwe kuingia. Karani akasema wafanyakazi tu. Chapuchapu akampokonya kipanya, akabonyeza mwenyewe: lihamishwe, aingie yeyote.

"Ushirikina peleka kwenu," akamwambia mbele za watu.

Yeyote! Jini gani angengoja kubembelezwa? Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia huvunja nini, hawakusema.

Kijisanduku kikatua kwenye jina la mama mmoja, na wodini mama huyo akapiga ukelele kwamba kuna mkono wa baridi tumboni mwake. Kikahama, akanyamaza yeye na akalia wa kitanda cha pili. Kikashuka tena na ule mkono ukashuka nacho, kitanda kwa kitanda, taa zikififia mchana kweupe, vitufe vya ile kompyuta kuukuu vikigonga vyenyewe nyuma ya mlango wa stoo uliofungwa, harufu ikizidi kuwa nzito hata mfamasia akazinduka akikohoa, mpaka kikafika kwenye jina la mwisho, jina la mdogo wake karani, aliyekuwa na uchungu tangu alfajiri, na hapo kikatulia.

"Dada!" sauti ikatoka wodini. "Dada, mtoto hachezi!"

Mkunga akakimbilia huko. Karani akampigia simu shangazi yake.

"Shangazi, ametoka, yumo kwenye jedwali la majina," akanong'ona. "Yuko kwa mdogo wangu."

"Nani alimkaribisha?"

"Mkuu. Kwa mkono wake."

"Basi sikiliza, mwanangu. Mgeni hafukuzwi na jirani, hurudi kwa mwenyeji wake. Mwambie mkuu wenu afunge mlango. Akikataa, mwandike humo humo, chini ya mdogo wako."

Karani akamfuata Chapuchapu. Alijishusha, akaomba kama mtoto.

"Mkuu, nakusihi, funga lile jedwali. Mdogo wangu anapoteza mtoto."

"Wakubwa wanaliangalia sasa hivi," alisema, akifunika simu kwa kiganja. "Unataka nionekane mjinga?"

"Sisikii mapigo!" mkunga alilia kutoka wodini. "Sisikii mapigo ya mtoto!"

Karani hakuomba tena. Alirudi kwenye kiti chake, machozi ya hasira yakimdondoka, akaliandika jina la Chapuchapu lote, la kwake na la baba yake, kwenye mstari mtupu chini ya jina la mdogo wake.

Kijisanduku kikatikisika. Kikashuka.

"Yamerudi!" mkunga akapaza sauti. "Mapigo yamerudi! Sukuma, mama, sukuma!"

Chapuchapu alikata maneno katikati. Simu ikamwanguka. Akashika tumbo kwa mikono miwili, jasho likimtiririka.

"Nini hiki... nini kinanishika?"

"Mgeni wako," karani akajibu. "Si ulimkaribisha? Mtoe."

Aliirukia kompyuta. Akabonyeza ondoa, akabonyeza funga, akabonyeza tena na tena huku akigugumia kwa maumivu, na kila mara ukurasa ulimjibu vilevile: "Huna ruhusa. Mwombe mmiliki." Palipokuwa na jina lake kama mmiliki wa jedwali, sasa palikuwa pameandikwa: Mgeni.

"Dada'angu," Chapuchapu akanong'ona, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. "Nisaidie. Nifanye nini?"

Karani aliitafuta huruma moyoni mwake, hakuiona.

"Mwombe mmiliki," akamwambia, akaenda wodini kumpokea mtoto.