Njia Naijua!

Nyemo alikaa katikati, ndani ya pikapu ya Baba. Huku Baba, huku Mama. Walikuwa wanakwenda kwa Bibi, mbali, kwenye nchi ya ng'ombe.

Kwa Bibi amezaliwa ndama! Bibi alisema kwenye simu, "Mjukuu wangu, njoo umpe jina. Lakini fika kabla jua halijazama. Ukichelewa, Ndahani ndiye atakayempa jina."

Ndahani ni binamu yake Nyemo. Kuku wake anaitwa Simba. Mbuzi wake anaitwa Simba. Hata kigoda chake kinaitwa Simba.

"Maskini ndama!" akasema Nyemo. "Twendeni upesi!"

Baba akavua kofia. Wakafumba macho. "Ee Mungu, tupe wa kutuongoza. Amina."

"Amina," akasema Mama. "Na tukipotea, tuulize."

"Kuuliza?" Baba akacheka. "Mimi nimezaliwa kule. Njia naijua!"

Gru-gru-gru! Pikapu ikaondoka. Vumbi nyuma, vuuu!

Lami ikaisha. Nyumba zikaisha. Zikabaki nyasi kavu, miiba na vichuguu.

Kando ya njia alisimama ng'ombe mwekundu. Pembe yake ilikuwa moja tu. Alikuwa anatafuna. Nya, nya, nya.

"Shikamoo, ng'ombe!" akasema Nyemo.

Ng'ombe akatafuna.

Njia ikagawanyika. Baba akakata kushoto. "Njia naijua!"

Gru-gru-gru! Vuuu!

Mbele wakamwona ng'ombe mwekundu. Pembe moja. Nya, nya, nya.

"Baba, huyu si yule yule?"

"Mwanangu, ng'ombe wa huku wanafanana."

"Mpaka pembe?" akauliza Mama.

Baba akawasha redio. Redio ikasema, "Khrrrr."

Wakamkuta mzee mmoja kwenye kivuli, anakula karanga.

"Tumuulize," akasema Mama.

"Tusimsumbue. Ana haraka," akasema Baba.

Mzee akachagua karanga nyingine. Akaimenya taratibu.

Baba akakata kulia. "Njia naijua!"

Gru-gru-gru! Vuuu!

Mbele, ng'ombe mwekundu. Pembe moja. Nya, nya, nya.

"Shikamoo tena," akasema Nyemo.

Ng'ombe akamtazama Baba. Akamtazama sana.

Jua likashuka. Likawa kubwa, likawa jekundu.

"Ndama ataitwa Simba," akasema Nyemo kwa sauti ndogo. Chozi likadondoka. Ti.

Baba akazima gari.

"Nimekosa," akasema. "Nilijifanya najua. Njia siijui. Mnisamehe."

"Tulikusamehe tangu kwenye karanga," akasema Mama.

Ng'ombe akaacha kutafuna. Akatazama jua. Akageuka, akaanza kutembea. Ko, ko, ko.

"Baba! Anakwenda kwao!" akasema Nyemo. "Kwao kuna watu. Tumfuate!"

Ng'ombe mbele, ko, ko, ko. Pikapu nyuma, gru... gru... gru. Safari hii, hata vumbi halikutimka.

Wakazunguka kichuguu kimoja tu.

"Mbooo!" akaita ng'ombe.

"Mbeee!" akaitika ndama.

Na mlangoni, amesimama Bibi!

Ng'ombe mwekundu ndiye mama yake ndama.

"Baba Nyemo," akasema Mama, "uliomba wa kutuongoza. Hukusema awe na pembe ngapi."

Baba akavua tena kofia.

"Vumbi lenu naliona tangu mchana," akasema Bibi. "Nikajiuliza, huyu mwanangu leo anazunguka nini?"

Lakini Ndahani alikuwa zizini tayari. Ameshika shingo ya ndama. Amefungua mdomo. "Anaitwa Si..."

"Jua bado!" akapiga kelele Nyemo.

Wote wakatazama. Jua lilibaki kidogo, kama ganda la chungwa.

"Anaitwa Njia!" akasema Nyemo.

Ndama akamlamba Nyemo mkono. Lap!

Ndahani akafunga mdomo. Akaenda kukaa juu ya Simba.

Wakanywa maziwa ya moto. Nyemo akalala kwenye mkeka, karibu na Bibi.

"Asante Mungu kwa ng'ombe," akaomba. "Asante kwa Mama, na kwa Baba pia. Amina."

Nje, Baba alikuwa anamkuna ndama sikio.

"Njia namjua," akasema polepole.

Na sasa ilikuwa kweli.