Kufuli Mbele ya Jina

Asubuhi ile jogoo wa Mouna alipanda ukutani kama kawaida, akanyosha shingo, akafungua mdomo. Haikutoka sauti. Akapiga mabawa, akajaribu tena. Kimya.

"Amekwamwa na mfupa wa samaki," alisema Mama Adolphine, jirani, akicheka upande wa pili wa ua. "Tuchinje tule, Mama Chadia."

Mouna alicheka naye, lakini alimhurumia jogoo. Alimwekea maji safi kwenye kifuniko cha sufuria.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita. Waya za simu za kwenda Bendera, kunakotoka umeme wa Kalemie, zilikuwa zimekatwa. Mitambo ya kule ikiharibika, mji ulikaa bila umeme na hakuna aliyejua sababu. Wakubwa wa mji wakatangaza kwamba fundi atakayeifanya Bendera isikike atapewa karatasi ya kuvuka ziwa kwenda Kigoma.

"Tutavuka sote," Twahiri alimwambia mkewe.

Twahiri alikuwa fundi wa redio. Askari walikuwa wanalala kwenye biro yake, ofisi aliyofanyia kazi, kwa hiyo alihamishia kazi nyumbani, sebuleni: kompyuta, spika, na kisanduku cha shaba chenye parafujo nyingi. Kisanduku hicho kilichuja mawimbi, kikapitisha sauti ya watu na kuzuia kelele. Parafujo zake zilikuwa zimechakaa. Ukizizungusha ovyo zinakatika, na vita ilikuwa imefunga njia ya vipuri. Ndiyo maana alizizungusha kwanza ndani ya kompyuta. Aliieleza anachotaka, nayo ikajaribu vipimo mara elfu na elfu, na kila jaribio likachora mstari kwenye kioo. Mstari ulipaswa kupanda kama mlima. Miezi mitatu ulikuwa umelala chini.

Siku hizo umeme ulikuja saa sita mchana na kuondoka saa kumi.

"Kila parafujo nimeipa jina la hapa nyumbani, nisichanganye," alimwonyesha Mouna. "Mwalimu wangu alitufundisha vile. Soma."

Mouna alisoma polepole, herufi kwa herufi, kama walivyofundishwa shule ya msingi. Jogoo. Chadia. Mouna. Twahiri. Machozi yakamlenga.

"Umetuandika sote."

Mbele ya kila jina palikuwa na picha ndogo ya kufuli, isipokuwa mbele ya Jogoo. Alidhani ni pambo tu.

Jumatano, umeme ulipokuja, ilisikika harufu ya waya ulioungua, na ndani yake harufu ya udi, ingawa hakuna aliyekuwa amefukiza udi. Spika ilitoa sauti ya mtu anayemeza maji. Chadia, mwenye miezi minane, aliamka kwenye mkeka. Uso ukakunjamana, mdomo ukafunguka, machozi yakatiririka, na Mouna alipomnyanyua akasikia kifua kidogo kinatetemeka kwa kilio dhidi ya kifua chake, kilio kizima chenye nguvu zote lakini kisicho na sauti, huku sebuleni, kutoka ndani ya spika, mtoto akilia wazi kabisa, kwa kilio ambacho mama yake angekitambua hata katikati ya watoto mia.

Kisha sauti ya mwanamume ikaingia juu ya kilio hicho: "Kalemie! Bendera hapa, tunawasikia muzuri! Mutoto wa nani analia hapo?"

Twahiri alikuwa anacheka kwa furaha. Alikimbia kuwaita wakubwa.

Fidèle, aliyefanya kazi na Twahiri, alifika wakati huo akiwa na sukari kidogo kwenye karatasi. Kama siku zote, alivua viatu mlangoni asimwamshe mtoto. Alitazama kioo, akasogea karibu.

"Mama Chadia," alinong'ona, "nani ametoa kufuli kwa jina la mutoto?"

"Kufuli njo nini, Papa Fidèle?"

"Yenye kufuli, mashini haigusi. Yenye haina, mashini inabadilisha vile inataka. Yako imefungwa. Ya Twahiri imefungwa." Akainamisha kichwa. "Ya mutoto iko wazi."

Twahiri aliporudi, Mouna alimngoja mlangoni na mtoto mgongoni.

"Jogoo," alisema. "Ulijua tangu jogoo."

Twahiri hakukana. "Mashini ilisema kwenye spika. Ilisema ikipata sauti ya mutu, itapandisha mustari kama mulima." Alishusha sauti. "Chadia hajajua kusema bado. Niliona hatapoteza kitu."

Mama Adolphine, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, ndiye aliyekwenda mwenyewe kumleta Maalim Chabani. Maalim alifukiza ubani, akasoma, akaweka sikio kwenye spika kwa muda mrefu.

"Huyu hakuvamia," alisema. "Alikaribishwa. Aliyetoa ndiye anayeweza kurudisha. Lakini jini haachi kitu mpaka apewe kingine."

Wote wakamtazama Twahiri.

"Nitatoa yangu," alisema.

Mouna alimshika mkono, akaubusu. Hasira yote ikamtoka. Usiku hakulala. Asubuhi alimkaangia samaki wa ziwani, migebuka miwili, yeye akala ugali na chumvi. Alimtazama akila, akafikiri: fundi wa redio bila sauti atafanya kazi gani? Yeye mama anaweza kubembeleza kwa mikono. Saa sita ilipofika, neno lilikuwa tayari mdomoni mwake: Acha, Baba Chadia, weka yangu.

Umeme ukaja. Twahiri aliketi akiwapa mgongo. Vidole vikagonga haraka. Harufu ya udi ikajaa chumba, spika ikameza, ikameza tena, na Chadia akapasua ukimya kwa kilio kikubwa hata jogoo akaruka ukutani.

Mouna alipiga magoti. Alifungua mdomo kusema Alhamdulillahi.

Hakikutoka kitu.

Twahiri aligeuka. "Mungu mukubwa," alisema, kwa sauti yake nzuri, nzima. "Mutoto analia."

Kwenye kioo mstari ulisimama mrefu. Chadia, kufuli. Twahiri, kufuli. Mouna, hakuna.

Karatasi ya Kigoma ilikuja na jina moja, la Twahiri. Ijumaa akavuka peke yake.

Mama Adolphine humwimbia Chadia siku hizi, na Mouna humpigapiga mgongoni. Fidèle bado huvua viatu mlangoni. Siku moja alisema watu wa Bendera wanaogopa kukaa karibu na mtambo saa sita mchana. Kuna mwanamke ndani yake. Haombi msaada, halii. Anamwita Twahiri kwa upole, kisha anasema neno lilelile, wazi, kama mtu aliyeketi nawe mkeka mmoja:

"Ungeniuliza, ningekupa mwenyewe."