Shaba Zilizosuguliwa kwa Majivu

Asubuhi hiyo maziwa yalinuka shaba. Elinipendo alinusa sufuria, akamnusa na ng'ombe mwenyewe, mwishowe akanusa vidole vyake. Harufu ilikuwa vidoleni.

Jana yake alikuwa amesugua sarafu saba. Mumewe Filemon, mwongoza watalii mlimani, alizawadiwa sarafu hizo na mzee wa Kizungu ambaye yeye Filemon alimfikisha kileleni. Ni za Warumi wa kale, aliambiwa, zilifuliwa na wahunzi katika majimbo yao ya mbali yapata miaka elfu mbili iliyopita. Upande mmoja uso wa mfalme, upande wa pili hekalu, na kote kutu ya kijani. Sasa mke gani wa Marangu angekubali uchafu ule ukae kabatini mwake? Alichukua limau na majivu, akasugua mpaka nyuso zikamkodolea macho, akajiona fundi.

Adhuhuri, binti yao Loveness, mtoto wa miaka minne mwenye mdomo kama cherehani, alinyamaza. Alikaa kwenye kigoda, midomo kaibana. Kila alipogeuza kichwa, kitu kiligonga meno yake, ti, ti.

"Fumbua mdomo, mama."

Chini ya ulimi palikuwa na sarafu. Kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo Elinipendo alikuwa ameuvaa shingoni. Akaitoa, na kabla hajashusha pumzi akasikia tena, ti, ti, mdomoni mwa mwanawe.

"Nani anakupa?"

"Yule baba wa kabatini," mtoto alinong'ona. "Anasema alizikwa nayo mdomoni, wakamnyang'anya."

Bibi Anaeli, mama mkwe, alisikia yote. "Ni za maiti hizo, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Tumwombe radhi."

Akakata jani la isale, ambalo Mchaga akiletewa hawezi kukataa kusamehe. Wakazifunga nalo sarafu zote saba, pamoja na zile za mdomoni, wakazifukia kihambani, shamba la ukoo, katikati ya migomba, kando ya kaburi la babu yake Loveness. Jioni mtoto akaomba mtori wa ndizi, akaropoka mpaka akachosha watu. Elinipendo alilia kwa furaha.

Kesho yake Filemon, aliyekuwa amepigiwa simu, alirudi na Mzee Mathew wa Rau, mtoa majini.

"Shikamoo, mzee," Elinipendo alimwamkia.

"Marahaba. Ziko wapi?"

"Tumezifukia kihambani, kando ya baba mkwe."

Mzee akaweka mkoba chini. "Kwa isale?"

"Kwa isale."

"Mama, jini mgeni ningemtoa hata chai haijachemka. Huyu mmempa kihamba, mkamlaza na wenye ukoo, mkamwomba radhi. Namtoaje mtu kwao?" Kisha akatazama huku na huku. "Mtoto yuko wapi?"

Elinipendo alikuwa ameshatoka mbio, kanga ikimdondoka, akipita migomba ambayo leo haikutikisika ingawa upepo ulikuwa ukivuma barabarani, akiita jina la mwanawe na kuitikiwa na sauti mbili, mpaka akamwona amesimama kando ya kaburi, anacheka.

"Mama, babu mpya anasema nikakae kwake."

Akaudaka mkono wa kulia wa Loveness, akavuta kwa nguvu zake zote. Mtoto hakusogea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka kuelekea kwenye migomba, umekakamaa, na mtu asiyeonekana alikuwa anauvuta.