Dirisha Lililopokea Kila Kitu

Ofisi ya Zuleha pale Tunduma haikosi watu. Yeye ni wakala wa forodha. Anawashughulikia wateja nyaraka za kuvusha mizigo kwenda Zambia. Madereva huingia, wakamwaga umbea wa barabarani, wakaondoka wanacheka.

Nyaraka zenyewe hutumwa kwenye tovuti ya ofisi. Mika, aliyeitengeneza, alitaka ipokee picha na PDF tu. Zuleha akakataa katakata.

"Wateja wangu wana simu za kila aina. Nimrudishe nani mlangoni? Fungua, wote waingie!"

Asubuhi moja akapiga simu Hamis, dereva aliyebeba mchele wa Mama Ketrina wa Kamsamba. Ni mavuno yake yote ya msimu.

"Dada Zule, mbona unanituma nishushe mzigo kwenye yadi nisiyoijua?"

"Mimi? Sijatuma kitu!"

"Ujumbe umetoka kwenye mfumo wenu. Na kuna jamaa wananipigia, wananiharakisha."

"Hamis, usishushe hata kiroba! Simama penye watu, unisubiri."

Zuleha akakimbilia duka la pili, kwa Ikupa, fundi wa mifumo ya kompyuta. Ikupa akaja, akapekua, akaguna.

"Shoga, ona faili hili. Limeitwa ankara, kumbe ni programu."

"Tofauti yake nini?"

"Picha inakaa tu, unaitazama. Programu ni maagizo, kompyuta inayatii. Mtu ameipakia hapa, kisha akaiwasha kupitia tovuti yako. Sasa anasoma mizigo yote na kutuma ujumbe kwa jina lako."

"Yaani mwizi yumo ndani na mimi nimemkaribisha!"

"Na kiti umempa."

Ikupa akaufunga mfumo. Zuleha akawapigia madereva wote, mmoja mmoja, wasifuate ujumbe wowote wa mfumo. Mika akaja, akaurudisha mfumo kutoka kwenye nakala safi, wakabadilisha nywila zote. Safari hii dirisha la kupakia nyaraka kwenye tovuti likapokea picha na PDF tu.

"Na mjanja akilibadilisha jina faili lake?" Zuleha akauliza.

"Mfumo hauamini jina. Unachungulia ndani," Ikupa akamjibu. "Faili likipita, linapewa jina jipya na kuwekwa mahali ambapo programu haiwezi kuwashwa. Na asiye na akaunti hapakii kitu."

Kesho yake dereva Lusungu akaingia amenuna. "Mfumo wako umenikataa!"

"Umetuma nini?"

Akaitazama simu yake. "Aa... video ya harusi ya dada."

Ofisi nzima ikaangua kicheko.

Jioni hiyo Hamis akauvusha mchele mpakani salama. Zuleha akampigia Mama Ketrina, akamweleza yote bila kuficha.

"Mwanangu, ungenificha ningehamia kwa wakala mwingine," mama akasema. "Sasa jirani zangu nao wana mpunga. Niwape namba yako?"

"Wape, mama. Ila waambie, hapa tunakagua kwanza."