Sauti ya Maige

Kompyuta ilipouliza jina la mtumiaji, jina lilikuwa limeshaandikwa: maige.

Elias hakuwa amegusa herufi hata moja. Alikuwa kwenye steshenari yake pale Mirongo, mchana kweupe, akiipiga Linux kompyuta kuukuu aliyoichukua Kirumba kwa mjane Evelina. Haikuwa na karatasi wala chapa ya leseni, na nywila yake aliijua marehemu peke yake. Linux ni mfumo wa bure, na flashi ya kuuweka anayo.

Marehemu ndiye huyo Maige, mwimba besi wa kwaya, aliyekufa kwa kifua mkewe akiwa mjamzito. Siku ya kukabidhi mashine, Evelina aliomba jambo moja tu: kabla ya kufuta chochote, amtolee nyimbo za Kisukuma alizojirekodi mumewe, ili binti yao Princess amsikie baba yake japo mara moja. Elias aliapa mbele za Mungu. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja, kuchomoa diski na kunakili kwenye mashine nyingine. Lakini uvivu ulimshika, akabonyeza “futa diski yote.”

Sasa alilifuta lile jina, akaandika lake. Kisha akampigia mjane simu na kumwambia diski aliikuta imeshakufa. Evelina akamshukuru kwa kuhangaika.

Kesho yake jina lilikuwa limerudi. Akaipiga Linux upya. Likarudi tena, safari hii na harufu ya dawa ya kuchua kifua. Siku ya tatu umeme ulikatika mtaa mzima, feni ikasimama, taa zikazima, na katika ukimya ule Elias akasikia mashine ikiendelea kunguruma, ingawa waya wake alikuwa ameushika mkononi, ikinguruma kwa chini kama mtu anayetafuta noti ya kuanzia, kisha ikakohoa, kikohozi kirefu chenye makohozi, ikatulia, ikaanza kutafuta noti upya.

Akamwita mchungaji Nathaniel. Mchungaji aliiwekea mikono, akaomba mpaka jasho likamtoka, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Elias, kuna kitu umekificha?”

“Hapana, baba.”

Mashine ikakohoa.

Mchungaji akaondoa mikono yake taratibu. “Hiki sikikemei. Kinadai haki yake. Nenda kwa mwenyewe.”

Elias alikwenda Kirumba siku hiyohiyo. Alimkuta Evelina akichambua dagaa mlangoni, Princess kakaa miguuni pake. Aliungama yote, kiapo, uvivu, uongo wa simu, bila kumtazama usoni.

“Shemeji,” Evelina alisema mwishowe, “mimi nitakusamehe. Huyu mtoto utamwambia nini?”

Elias alimgeukia Princess, akafungua kinywa kumwomba radhi. Yeye sauti yake ni nyembamba, kwaya ilimkataa tangu ujana, na Kisukuma anakisikia tu. Kilichotoka kilikuwa wimbo wa Kisukuma, kwa besi nzito iliyotetemesha ungo wa dagaa, ubeti baada ya ubeti, wala hakuweza kuufunga mdomo.

Evelina aliacha dagaa zimwagike. Princess akasogea karibu, akaweka kiganja kwenye kifua cha Elias, akacheka.

Wimbo ulipokwisha, Elias akakohoa.