Suti Isiyochukuliwa

Foleni ya kusajili upya laini za simu ilikuwa imefika barabarani, na mashine ilikuwa imekikataa kidole cha fundi cherehani mara tatu.

"Dada, kidole hiki ni chako kweli?" aliuliza kijana wa dirishani, shati lake la bluu limepungukiwa kifungo.

"Sindano zimekila. Chako kifungo kimeliwa na nini?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kesho yake kijana akaja kibandani kushonewa kifungo. Keshokutwa akaja bila sababu. Siku moja, mahaba yamemkolea, fundi akamfunulia siri: ule ukurasa wa mtandaoni unaowasuta wakubwa kwa vichekesho ulikuwa wake.

Ikaja sheria mpya: kila ukurasa uwe na leseni na jina la mwenyewe. Watu walinung'unika mtandaoni, kisha wakajifunza kunung'unikia tumboni. Ukurasa wa fundi ukafungwa, naye akaitwa kuhojiwa.

Alirudi roho juu. Nani alijua? Mmoja tu, tena yule mwenye alama za vidole vya mji mzima. Kikulacho ki nguoni mwako.

Simu ikalia. "Mpenzi, usiseme kitu hapa. Nakuja."

"Kwa nini nisiseme? Wenzako wanasikiliza?" Akakata.

Kijana alipoingia kibandani, fundi hakuinua macho. "Umeniuza."

"Mimi? Kazini tumeagizwa kutoa orodha ya watu unaowapigia. Nimekuja kukuonya!"

"Mwongo."

Shangazi yake fundi, aliyekuwa akipiga pasi pembeni, akaiweka chini. "Mwache mtoto wa watu. Mimi ndiye niliyemsifia yule mteja mgeni aliyeagiza suti: 'Huyu wetu ndiye anayewavunja mbavu mtandaoni!' Akafurahi huyo!"

Fundi akainua macho. Kila kichekesho alikijaribu kwanza kwa shangazi, na hakuwahi kumhesabu miongoni mwa wanaojua. Wote wakaitazama suti ya kijivu, tayari, ikining'inia.

"Hajarudi kuichukua?" aliuliza kijana.

"Hata kuijaribu," alijibu shangazi.

Fundi akazifukia simu zote kwenye kapu la vipande vya vitambaa. "Nisamehe. Nimeanza kuwaogopa hata wanaonipenda."

"Basi nikubali niwe mumeo, uniogope kihalali."

Fundi akacheka, machozi yakimlenga. "Umeshamwambia nani?"

"Hakuna."

"Mwambie shangazi. Ukurasa wamefunga, yeye hafungiki."