Dubu wa Nguzo ya Kona

Kila asubuhi ya likizo ya kiangazi, Janiya alipiga mswaki, akavaa raba zake, akatoka kwenda kumsaidia Bi Odessa kufunga barabara. Huku kwetu kaskazini mwa Filadelfia kila mtaa una kapteni wake, mkazi anayeusimamia, na kapteni wa Mtaa wa Harlow ni Bi Odessa, mama mnene mwenye sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya reli. Ikifika saa nne wanavuta vizuizi vya mbao mpaka katikati ya njia ili magari yasipite, na watoto wanamwagika nje na kamba zao za kuruka. Adhuhuri wanagawiwa chakula bure: mkate wenye nyama, maziwa na tufaha. Kwa watoto wengi hicho ndicho chakula cha kwanza kwa siku. Nalisema hilo bila aibu, maana anayepaswa kuona aibu si mtoto.

Janiya alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa na kazi nyingine ambayo hakupewa na mtu. Kwenye kona, chini ya nguzo ya taa, walifungwa dubu wa manyoya, wale wa kuchezea watoto, pamoja na mishumaa ndani ya glasi na baluni zilizonywea. Waliwekwa pale kaka yake, Tyrell, alipopigwa risasi akafa akirudi kutoka dukani, na chupa ya juisi mkononi. Ndivyo tunavyofanya tukifiwa namna hiyo, kila jirani analeta dubu. Wakishafungwa pale hawaguswi na mtu asiye wa familia. Hata vijana wanaoiba baiskeli wanapita mbali. Kwa hiyo mvua iliponyesha, Janiya aliwafungua, akawafua kwenye ndoo, akawaanika kwenye vyuma vya ngazi ya nyumba yao.

Na ile taa ya nguzo? Ilizimika kabla Tyrell hajafa, na mpaka leo haijawaka. Bi Odessa aliwapigia simu watu wa jiji mpaka sauti ikamkauka. Alijibiwa "tutakuja" nyingi za kujaza kapu.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, Janiya alikwenda kwenye nguzo na ndoo yake. Amir, mtoto wa jirani mwenye miaka mitano, alimfuata nyuma.

"Mimi nataka yule mkubwa," alisema Amir. "Nimlalie."

"Kaa hapo! Ukimgusa nitakunyima tufaha lako."

"Silipendi hata."

"Basi nitakunyima maziwa."

Amir akakaa.

Janiya alimfungua yule dubu mkubwa wa kahawia, akashangaa alivyokuwa mzito. Alidhani ameshiba maji. Alipomkamua, kiganja chake kiligonga kitu kigumu kama chuma. Alimgeuza. Mgongoni palikuwa na mpasuko ulioshonwa kwa kamba ya kiatu ya rangi ya chungwa. Kamba ile aliijua, na mtaa mzima uliijua. Kamba za rangi hiyo alikuwa nazo mtu mmoja tu, Raheem, rafiki wa Tyrell tangu wakiwa wanatambaa. Janiya alichungulia kwenye mpasuko, akaona mpini mweusi wa bastola.

Hakuigusa. Alimlaza dubu chini polepole, akasimama mbele yake.

"Amir! Kimbia kwa Bi Odessa, mwambie aje sasa hivi. Na wewe usirudi huku."

"Nikachukue maziwa?"

"Kimbia, we mtoto!"

Amir alitimua mbio. Wakati huohuo Raheem alitokea upande wa pili wa barabara. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Kiatu chake kimoja kilikuwa hakina kamba.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini, "nipe huyo dubu."

"Sikupi."

"Usinitanie. Nina haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?"

Raheem aliangalia huku na huku. "Yule aliyemfanyia Tyrell wamemwona. Yuko ng'ambo ya reli, kwa shangazi yake. Leo nalimaliza. Nafanya hivi kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?" Janiya alifoka. "Unaweka bunduki ndani ya dubu wa kaka yangu, halafu ni kwa ajili yangu?"

"Ningeiweka wapi? Nikitembea nayo polisi watanisimamisha. Hapa hapaguswi na mtu."

"Mimi nawagusa! Ninawafua kila mvua ikinyesha! Ulikuwa unapita ukiniona na ndoo yangu, ukaniambia hujambo! Amir alitaka kumlalia huyu, Raheem. Amir!"

Raheem akakunja uso. "Usipige kelele. Umesikia? Mtaa huu hauna wachongezi. Wewe hujaona kitu."

Neno hilo tunalijua wote. Mtoto akiitwa mchongezi huku kwetu, hata wa kuruka naye kamba hapati. Janiya aliliogopa tangu darasa la kwanza. Lakini siku ile aliona linamchefua. Walioona aliyempiga risasi Tyrell walikuwa wengi, na wote walikaa kimya kwa kuliogopa neno hilo. Kimya chao kilimsaidia nani?

"Nimeona!" alipaza sauti. Watoto waliokuwa wakiruka kamba waligeuka. "Nimeona, na ninasema! Sasa na wewe niambie. Huyo wa ng'ambo ya reli ana dada?"

"Sijui mimi."

"Anaye! Lazima anaye! Ukimuua, dada yake atafua dubu kama mimi. Halafu wenzake watakuja kukuua wewe, na wewe utafungiwa dubu kwenye nguzo. Nani atawafua wako? Mama yako yuko kazini usiku na mchana. Nani, Raheem? Mimi nina mikono miwili tu. Wako siwafui! Nimekwambia siwafui!"

Alianza kulia, akachukia kwamba analia, akalia zaidi. Raheem alikaa ukingoni mwa barabara.

Bi Odessa alifika akihema, aproni kiunoni. Alimwangalia dubu, akaangalia kiatu cha Raheem, akaelewa. Kwanza aliwafukuza watoto wote wakaingie nyumbani kwake. Alimpigia simu Mchungaji Whitlock, ambaye kanisa lake hupokea bunduki kwa mtu yeyote bila kuuliza jina. Kisha akamgeukia Raheem, na huko nyuma hatukuwahi kumsikia akiunguruma namna ile.

"Wewe! Nilikulisha kwenye barabara hii kwa mikono yangu! Unaleta mauti pale ninapogawa maziwa?"

"Nifanye nini, Bi Odessa?" Raheem alijibu, na yeye sasa akiwa na hasira. "Shule yetu wameifunga. Bwawa la kuogelea nilikokuwa nafanya kazi wamelifunga. Kazi nimetafuta tangu theluji ilipokuwa chini. Kila mlango naambiwa rudi kesho. Bastola nimeipata kwa siku moja. Siku moja tu! Hakuna aliyeniambia nirudi kesho."

Ngumi za Bi Odessa zilikuwa zimekunjwa bado, ila hakuonekana tena kumkasirikia Raheem peke yake.

"Utaitoa?" aliuliza hatimaye.

Raheem alimtazama Janiya, aliyekuwa bado amesimama mbele ya dubu, macho mekundu. "Ichukueni," alisema. "Ichukueni, kabla sijabadilisha nia."

Mchungaji alikuja na sanduku la chuma, akaitoa bastola kwa uangalifu, akaondoka nayo. Bi Odessa hakungoja hata avue aproni. Alimshika Raheem mkono, wakaenda ofisi inayowapa vijana kazi za likizo. Karani aliwaambia nafasi zimejaa, warudi kesho. Bi Odessa alivuta kiti, akakaa, akatoa mkate wake akala mbele ya karani. Alisema hiyo "kesho" imeshamuulia watoto wa kutosha mtaani kwake, na haondoki. Waliposhindwa kumtoa waliita mkubwa, na mkubwa akaiona nafasi ambayo karani hakuiona. Raheem alitoka pale akiwa msaidizi wa kugawa chakula Mtaa wa Harlow.

Waliporudi jioni, Janiya alikuwa kwenye ngazi na ndoo yake, na watoto wamemzunguka. Mmoja alinong'ona, "Mchongezi huyo." Bi Odessa alimsikia.

"Nani kasema? Simama nikuone!" Hakusimama mtu. "Nisikilizeni vizuri. Mchongezi ni yule anayesema ili kumwumiza mwenzake. Janiya amesema, na leo jioni vijana wawili wako hai, na Amir yuko hai. Mkiona bunduki, msiiguse, ondokeni hapo, mwiteni mtu mzima. Wala msimwonee mtu haya."

Alifuta jasho, akaendelea, na sauti yake ilikuwa bado inachemka.

"Na jambo la pili. Kesho mtu atawaambia kwamba watoto wa mtaa huu wamezaliwa wakali. Mwongo huyo! Hapa hatutengenezi bunduki. Kiwanda tulichokuwa nacho kilishona kofia, na mababu zenu walikula kwa kofia hizo. Walikifunga. Wakafunga shule, wakafunga bwawa, taa wakaiacha izime. Mlango uliobaki wazi ni wa mwuza bunduki. Kijana akiingia mlango huo amekosea, na mimi nitamwambia amekosea. Lakini siwezi kuwasahau waliofunga mingine yote. Hasira mnayo, najua, na ni haki yenu. Msimpelekee maskini mwenzenu wa ng'ambo ya reli. Ipelekeni kwenye ile milango iliyofungwa, mkaigonge mpaka ifunguke. Kesho tunaanza na taa."

Raheem alikuwa amesimama chini ya ngazi, mikono mfukoni.

"Janiya," alisema, "unisamehe."

Janiya hakumjibu. Alimchukua yule dubu mkubwa, akamtia kwenye ndoo, kisha akaisukuma ndoo kwa mguu mpaka ikagusa kiatu kisicho na kamba.

"Fua," alimwambia.

Raheem alipiga magoti, akakunja mikono ya shati, akaanza kufua.